Namba za malori makubwa zina maana, zisome kabla ya kununua

WAFANYABIASHARA wengi wa mazao huanza kwa kukodi lori. Biashara ikikua hufikiria kununua la kwao, na siku ya kwenda yadi ikifika hujikuta wamezungukwa na namba. Mlango mmoja umeandikwa 124L 420, mwingine 2640, wa tatu 26.403, wa nne 440S43 na wa tano FH12.

Maelezo yanayotolewa yadini mara nyingi ni mafupi: namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu. Maelezo hayo si sahihi. Kwa mtu aliyeweka rehani shamba au nyumba ili apate mkopo wa kununua semitrela, yanaweza kumtia katika hasara ya miaka mingi.

Ukweli ni kwamba kila kiwanda kina utaratibu wake wa kuyapa malori majina. Tarakimu zilezile zinaweza kuwa tani kwa kampuni moja, lita kwa kampuni ya pili na nguvu za farasi kwa kampuni ya tatu. Kwa kampuni nyingine hazipimi chochote, ni jina la toleo tu.

Anayejua kuzitofautisha anaweza kupata picha ya awali ya mambo matatu kabla dalali hajaanza kueleza: gari ni la daraja gani la uzito, injini yake ina ukubwa au nguvu kiasi gani, na limetengenezwa katika kipindi gani.

TANI KWANZA, NGUVU BAADAYE

Wajerumani ndio wenye utaratibu ulio rahisi kuusoma. Kwa Mercedes-Benz, tarakimu za mwanzo ni uzito na mbili za mwisho ni nguvu za farasi zilizogawanywa kwa 10.

Hivyo Actros 2640 ni gari la daraja la tani 26 lenye injini ya takribani nguvu za farasi 400. Actros 1840 ni la tani 18 na nguvu hizo hizo, wakati 3340 ni la tani 33.

Utaratibu huo ni wa siku nyingi. Madereva wazee waliofanya kazi na Mercedes 911 walikuwa na gari la tani 9 na nguvu za farasi 110. Ile 1113 ilikuwa ya tani 11 na nguvu 130.

Tarakimu za nguvu hukaribia tu, hazilingani kabisa na kilichomo ndani. Injini ya Actros 1840 hutoa nguvu za farasi 394 na ile ya 2644 hutoa 435.

Kinachowakosesha wengi ni zile tani. Tani 26 zinazotajwa ni uzito wa gari lenyewe na kila kilicho juu yake: chuma, mafuta, dereva na mzigo unaolielemea. Si uzito wa mzigo peke yake. Anayeona 26 akadhani atapakia magunia 260 ya kilo 100 amekosea hesabu.

Baada ya namba hufuata herufi, nazo zina kazi. S ni kichwa cha kuvuta semitrela, LS ni kichwa chenye mifuko ya upepo badala ya springi za vyuma nyuma, na K ni tipa. Kwa maana hiyo 3340 S na 3340 K si gari moja, ingawa ukizitazama kwa mbele zinafanana.

MAN nao huanza na tani, kisha nukta, kisha nguvu. Lile lililoandikwa 26.403 ni la tani 26 na nguvu za farasi 400. Tarakimu 3 ya mwisho inaonyesha kizazi cha gari, yaani toleo la F2000. Lililoandikwa 19.372 ni la tani 19, nguvu 370, na ile 2 ya mwisho ni ya kizazi kilichotangulia cha F90.

Toleo la TGA lilitoka mwaka 2000. TGA 26.430 husomwa tani 26 na nguvu za farasi 430. Mwaka 2007 MAN walileta TGX na TGS, nazo zinafuata utaratibu huo huo.

LITA ZA INJINI

Wasweden wao hawaanzi na tani. Kwa Scania za zamani, tarakimu za mwanzo ni ukubwa wa injini kwa lita na tarakimu ya mwisho ni kizazi.

Scania 113 ina injini ya lita 11 na ni ya kizazi cha 3. Scania 124 ina injini ya lita 12 na ni ya kizazi cha 4. Zile 94, 114, 144 na 164 husomwa vivyo hivyo: lita 9, 11, 14 na 16.

Namba inayofuata ndiyo nguvu. Kwa hiyo 124L 420 ni injini ya lita 12 yenye nguvu za farasi 420, na 114 380 ni ya lita 11 yenye nguvu 380.

Herufi L ina maana kwamba gari limetengenezwa kwa safari ndefu. C ni la kazi nzito za ujenzi, G ni la kazi mchanganyiko na D ni la kusambaza mizigo mijini. Herufi ya mbele ni ya kebini: P ni ya chini, R ni ya juu na T ni lenye pua.

Kizazi hicho cha 4 kilianza mwaka 1995, na kuanzia mwaka 2004 kikaanza kupokewa na toleo jipya ambalo lilibadilisha utaratibu. Tangu hapo jina ni herufi ya kebini na nguvu basi: P380, R420, G480. Lita hazionekani tena mlangoni.

Hapa ndipo mnunuzi hupaswa kuwa macho. Scania 124 420 na Scania R420 zina nguvu sawa, lakini ni magari ya vizazi viwili. Kebini, mfumo wa umeme na spea nyingi hazibadilishani.

Volvo nao hutumia lita. Katika FH12, herufi F ni kebini iliyo juu ya injini, H ni kebini ndefu ya kwenda juu, na 12 ni lita. FM ni kebini ya kati na FL ni ya chini. Zile zenye pua, mathalani N10, N12 na NL12, huanza na N. Nguvu huandikwa pembeni: 380, 420 au 460.

FH ilizinduliwa mwaka 1993 ikazipokea F12 na F16. Mwaka 2005 injini ya lita 13 ikachukua nafasi ya ile ya lita 12.

Matoleo haya husaidia kukamata umri wa uongo. Actros haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1996, wala TGA ya kabla ya 2000. Scania 113 inayouzwa kama ya mwaka 2002 inastahili maswali mengi.

NAMBA ZENYE MTEGO

Iveco ya Italia ndiyo inayowachanganya wengi. Gari la Stralis likiandikwa 440S43, macho hukimbilia 440 na kudhani ni nguvu. Sivyo. Ile 440 ni tani 44, uzito wa juu wa kichwa na tela kwa pamoja kama kiwanda kilivyokusudia. Nguvu ni 43, yaani 430 baada ya kuzidisha kwa 10.

Kwa malori ya Iveco yasiyovuta semitrela, 190 ni tani 19 na 260 ni tani 26. Herufi za mbele, AS, AT na AD, ni aina za kebini: AS ndiyo kubwa ya safari ndefu na AD ni fupi ya kazi za mchana.

DAF ya Uholanzi ina mtego wa aina nyingine. Katika XF95 na XF105, zile 95 na 105 si lita, si tani, wala si nguvu. Ni majina ya matoleo. Nguvu hufuata baada yake, hivyo 105.460 ni toleo la 105 lenye nguvu za farasi 460. XF105 ilitoka mwaka 2005.

Malori ya Marekani yana desturi zake. Kwa Freightliner Columbia 120, namba hiyo ni urefu wa inchi 120 kutoka bampa ya mbele hadi mgongo wa kebini, takribani mita 3. Haisemi lolote kuhusu injini, kwa sababu wanunuzi wa huko huchagua injini na giaboksi wanavyotaka. Gari mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na injini za viwanda viwili tofauti.

WACHINA NA TARAKIMU NNE

Malori ya China yana namba mbili, ya mtaani na ya kiwandani. Ya mtaani ni ile ya mlangoni: HOWO 336 na HOWO 371. Hizo ni nguvu za farasi, na si zaidi ya hapo.

Ya kiwandani huwa kwenye kibati na kwenye nyaraka, mathalani ZZ4257. Herufi mbili za mwanzo ni za kiwanda: ZZ ni Sinotruk wanaotengeneza HOWO, CA ni FAW, EQ ni Dongfeng na SX ni Shacman.

Tarakimu ya kwanza inaeleza kazi ya gari. 1 ni lori la mizigo, 3 ni tipa, 4 ni kichwa cha semi na 9 ni semitrela. Tarakimu mbili zinazofuata ni uzito wa gari kwa tani.

Hivyo ZZ4257 ni kichwa cha tani 25, wakati ZZ3257 ni tipa ya tani 25. Hilo ni jambo la maana sana kwa mnunuzi wa gari lililotumika. Gari linalouzwa kama kichwa, lakini kibati chake kinaanza na 3, lilizaliwa tipa na kugeuzwa gereji.

Kugeuza tipa si kosa kwa lenyewe. Mnunuzi anatakiwa kuuliza ni nani aliyefanya kazi hiyo, chasisi ilikatwa wapi, na kama nyaraka zinaonyesha mabadiliko hayo.

Kwa wanaotoka kwenye malori ya Japani, utaratibu ni wa herufi zaidi. Kwa Isuzu herufi ya tatu ndiyo ya kutazama: R ya FRR na FVR ni gari linalovuta kwa ekseli moja ya nyuma, S ni linalovuta mbele na nyuma, na Z ya FVZ ni lenye ekseli mbili za nyuma zinazovuta zote. Kwa Nissan Diesel, CK ni ekseli moja ya nyuma na CW ni mbili zinazovuta.

4x2, 6x2 NA 6x4

Namba hizi ndogo ndizo zinazoamua kama gari litatoka shambani au litalala njiani. Ya kwanza ni idadi ya sehemu zenye magurudumu, na tairi pacha huhesabiwa kama moja. Ya pili ni ngapi kati yake zinazovuta.

Kichwa cha 4x2 kina ekseli ya usukani na ekseli moja ya nyuma inayovuta, na kwa kawaida kina tairi 6. Cha 6x4 kina ekseli mbili za nyuma na zote zinavuta, tairi 10.

Katikati yake kuna 6x2, na hapa ndipo watu huumia. Nayo ina ekseli mbili za nyuma, lakini moja tu ndiyo inayovuta. Nyingine inasaidia kubeba uzito, na katika magari mengi inaweza kunyanyuliwa gari likiwa tupu.

Katika barabara za lami za Ulaya 6x2 ni gari zuri. Katika barabara ya udongo mfinyanzi wakati wa masika, ikiwa na shehena ya viazi, ekseli ile isiyovuta huwa mzigo kwa mwenzake.

Njia ya kutambua ni kuinama na kutazama chini ya gari. Ekseli inayovuta ina difu, lile bonge la chuma katikati. Kichwa chenye difu mbili ni 6x4. Chenye difu moja ni 6x2, hata kama kimebandikwa maandishi mengine.

Baadhi ya viwanda huandika jambo hili kwa herufi. DAF hutumia FT kwa kichwa cha 4x2 na FTT kwa kichwa cha 6x4, wakati FA na FAT ni malori ya kawaida yasiyovuta semitrela. Scania huweka A kwa kichwa cha semi na B kwa lori la kubeba mzigo mgongoni, kwa hiyo LA 4x2 ni kichwa cha safari ndefu chenye ekseli moja ya nyuma.

MIZANI HAISOMI MLANGO

Tani zilizoandikwa na kiwanda ni uwezo wa chuma. Ruhusa ya barabarani hutolewa na sheria. Anayenunua kwa kutazama namba ya kiwanda peke yake hukutana na tofauti hiyo kwenye mizani.

Tanzania ilianza mwaka 2019 kutumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli moja yenye tairi 4 tani 10, ekseli mbili zilizofuatana tani 18 na ekseli tatu zilizofuatana tani 24. Tairi moja pana badala ya tairi pacha hupewa kiwango kidogo zaidi. Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo ni tani 56, kwa gari la ekseli 7.

Chukulia mfanyabiashara wa mahindi wa Makambako anayepeleka Dar es Salaam kwa tela la ekseli tatu. Akiwa na kichwa cha 6x4 hesabu yake ni 8 na 18 na 24, jumla tani 50. Akiwa na kichwa cha 4x2 ni 8 na 10 na 24, jumla tani 42.

Kama kichwa cha 6x4 na tela vikiwa vitupu vina tani 17, zinabaki tani 33 za mzigo, sawa na magunia 330 ya kilo 100. Kama cha 4x2 na tela vina tani 15, zinabaki tani 27, yaani magunia 270.

Tofauti ni magunia 60 kwa kila safari. Vichwa vyote viwili vinaweza kuwa vimeandikwa 420 mlangoni, na mtu anayesoma namba hiyo moja tu hatajua kwa nini jirani yake anapata nauli kubwa kuliko yeye.

Hata hivyo, 6x4 ina gharama zake. Ina tairi nne zaidi za kununua, difu mbili za kutunza, na huelekea kunywa mafuta zaidi. Kwa mwenye mzigo mwepesi unaojaza nafasi kabla ya kujaza uzito, mathalani magodoro, 4x2 inaweza kumpa faida nzuri zaidi.

Jambo la busara ni kupima gari na tela vikiwa vitupu kabla ya kupanga bei ya kusafirisha. Namba ya uzito mtupu ndiyo msingi wa hesabu yote, nayo haiandikwi mlangoni.

NGUVU KWA KILA TANI

Namba ya nguvu za farasi pekee haina maana mpaka igawanywe kwa uzito unaovutwa. Gari lenye nguvu 340 likivuta tani 50 linabaki na 6.8 kwa kila tani. Lenye 420 lina 8.4, na lenye 480 lina 9.6.

Lakini lenye 380 likivuta tani 42 lina 9 kwa kila tani. Kichwa hicho kitapanda mlima kwa wepesi kuliko kile cha 420 chenye tani 50, ingawa namba yake ni ndogo.

Hesabu hii ina uzito kwa wanaopanda Kitonga wakielekea Iringa na Mbeya na shehena ya mbolea, au Sekenke wakitoka Kanda ya Ziwa kuelekea Singida. Gari lisilo na nguvu za kutosha hupanda kwa gia ndogo, injini hupata joto na mafuta huisha.

Kwa mahindi yanayoshuka kwenda Dar es Salaam, shida hugeuka. Kitonga hiyo hiyo sasa inateremkwa na tani 50, na kinachohitajika ni breki na breki ya injini iliyo nzima. Hakuna namba ya mlangoni inayoeleza hali ya breki. Hilo ni la fundi kukagua.

DUKA LA SPEA LINATAKA NAMBA NYINGINE

Mwenye gari akienda dukani akasema ana Mercedes 1840, muuzaji atamuuliza swali la pili. Kuna Actros 1840 na kuna Axor 1840. Ya kwanza ina injini ya OM 501 LA yenye silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V. Ya pili ina OM 457 LA, silinda 6 za mstari mmoja. Pistoni, gasketi na pampu zake ni tofauti.

Kwa Volvo FH12 swali ni kama injini ni D12A, D12C au D12D. Kwa Scania ya lita 12 kuna DSC12, DC12 na DT12, na ile yenye T ina turbo ya ziada inayorudisha nguvu ya moshi kwenye injini, jambo linaloongeza vitu vya kutengeneza.

MAN wana utaratibu unaosaidia. Katika D2866, zile 28 ni upana wa silinda, milimita 128, na 6 ya mwisho ni idadi ya silinda. D2066 ni milimita 120 na D2676 ni milimita 126, zote silinda 6.

Kwa hiyo kabla ya kununua, mnunuzi aandike namba ya injini, aende nayo kwenye maduka mawili au matatu ya spea na kuuliza upatikanaji na bei. Gari rahisi lenye injini adimu ni gari ghali.

KIBATI NA CHASISI NDIVYO VYENYE NENO LA MWISHO

Maandishi ya mlangoni hubandikwa, na kinachobandikwa kinaweza kubanduliwa. Herufi na namba za bandia huuzwa madukani. Injini ya lita 11 inaweza kuwekwa kwenye gari lililozaliwa na lita 12, na mlango ukabaki kama ulivyokuwa.

Kwa sababu hiyo namba ya mlangoni ni ya kuanzia mazungumzo, si ya kumalizia. Ya kumalizia iko kwenye kibati cha kiwanda, ambacho katika malori mengi huwa kwenye fremu ya mlango au ndani ya kebini.

Kibati cha lori la Ulaya huonyesha uzito wa juu wa gari lenyewe, uzito wa juu wa gari pamoja na tela, na uwezo wa kila ekseli kwa mpangilio kuanzia ya mbele. Hapo ndipo mnunuzi hujua kama ekseli ya nyuma ina uwezo wa kubeba kile ambacho sheria inaruhusu.

Kibati hubeba pia namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17. Herufi tatu za mwanzo hutaja kiwanda: WDB ni Mercedes-Benz, WMA ni MAN, YV2 ni Volvo, XLR ni DAF na LZZ ni Sinotruk. Scania huanza na YS2 ikiwa ya Sweden au XLE ikiwa ya Uholanzi.

Herufi I, O na Q hazitumiki katika namba hizo kwa kuwa hufanana na 1 na 0. Ukiiona mojawapo, aliyeandika amekosea au amegushi.

Wapo wanaodai kwamba alama ya 10 huonyesha mwaka wa gari. Kwa malori ya Marekani ni kweli, lakini viwanda vya Ulaya havilazimiki kufuata hilo. Mwaka wa lori la Ulaya uthibitishwe kwa nyaraka za usajili wake wa kwanza au kwa wakala wa kampuni husika.

Namba ya kibati, namba iliyogongwa kwenye chasisi na namba ya kwenye kadi ya gari lazima zilingane, tarakimu kwa tarakimu. Kwa Kenya hali ni hiyo hiyo kwa kitabu cha usajili. Pakiwa na alama za kusaga, kuchomelea au rangi mpya mahali pale pekee, mnunuzi asitoe hata fedha ya kushikia.

MASWALI YA KUULIZA YADINI

Kwa kifupi, anayekwenda kutazama lori anapaswa kuondoka akiwa na majibu ya maswali yafuatayo:

1. Namba ya mlangoni ni tani, lita, nguvu au jina la toleo?

2. Toleo hilo lilianza kutengenezwa mwaka gani, na linaendana na mwaka anaotajiwa?

3. Difu ziko ngapi?

4. Gari na tela vikiwa vitupu vina uzito gani, na mizani itaruhusu mzigo kiasi gani?

5. Namba ya injini ni ipi, na spea zake zinapatikana mjini?

6. Namba za kibati, chasisi na kadi zinalingana?

Majibu hayo hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji tochi, daftari, fundi mmoja anayeaminika na subira ya siku moja au mbili. Kwa mkulima au mfanyabiashara ambaye lori hilo ndilo deni kubwa kuliko yote aliyowahi kuchukua, siku hizo mbili ni sehemu ya bei.